Mwanamke Aliyeosha Madaraja Arobaini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, taa moja tu inawaka katika maabara ya kemia. Mwanamke mwenye koti jeupe lililopauka viwikoni amesimama mbele ya jiko la spiriti, anakoroga chombo cha kioo taratibu. Ana miaka hamsini na saba. Anakoroga kama mtu anayejua kwamba akiharakisha ataanza upya.

Ndani ya chombo kuna maji, unga wa agari unaotokana na mwani, na chumvi ya maabara inayoitwa nitrati ya potasiamu. Maji mililita mia moja, unga gramu tatu, chumvi gramu kumi. Anaweza kukisia kwa mkono na asikosee, lakini kila siku anapima.

"Mkono una siku zake," anasema. "Mizani haina siku."

Mchanganyiko ukishakuwa angavu anauvuta kwa bomba la sindano, kisha anauingiza kwenye mrija wa kioo uliokunjwa mfano wa herufi U. Anauinamisha, anaugonga kwa ukucha, anauinua kwenye mwanga wa taa. Kipovu kimoja cha hewa kikinaswa kwenye kona, mchanganyiko wake wote unarudi chomboni. Ule usio na kipovu unalazwa kwenye kitambaa ugande.

Hili ndilo daraja la chumvi. Leo anatengeneza arobaini. Wanafunzi wanamwita Mama Mirija, na hata mkuu wa shule, akisahau, humwita hivyo kwenye mikutano.

Mlangoni amesimama mfagiaji, mwanamume wa makamo mwenye ndoo na fagio la maji. Ana miezi miwili kazini. Amesimama hasa pale kizingitini, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani.

"Niingie, dada?"

"Subiri kidogo, kaka. Bado ya moto haya."

"Naona unapika tu. Kuna siku utatukaribisha?"

"Ukila haya utakaribishwa hospitali."

Mfagiaji anacheka, anaondoka na ndoo yake. Mama Mirija anamfuata kwa macho mpaka anapokata kona ya ukumbi. Halafu anarudi kwenye sindano yake.

Madaraja haya ni ya darasa la mchana. Saa tatu asubuhi hii Mama Mirija mwenyewe ana mtihani. Ni mtihani wa vitendo wa cheti cha fundi sanifu wa maabara, na hii ni mara yake ya tatu.

Barua ilifika miezi minne iliyopita. Kuanzia muhula ujao, mtu yeyote asiye na cheti hataruhusiwa kuingia stoo ya kemikali wala kuandaa vifaa vya majaribio. Mtahiniwa akianguka mara tatu anasubiri miaka mitatu kabla ya kurudia. Miaka mitatu ikiisha atakuwa amefika umri wa kustaafu.

"Nikianguka leo narudi kwenye fagio," anasema, bila kupunguza sauti. "Fagio silidharau. Limelea watoto wangu wanne. Lakini mtu hawezi kukaa nje ya mlango miaka mitatu akisikiliza watu wanavunja mirija yake."

Mshahara nao utashuka mpaka karibu nusu. Hilo analisema mara moja tu, na halirudii.

Aliingia shule hii miaka ishirini na miwili iliyopita akiwa mfagiaji. Utotoni alikuwa ameishia darasa la tano. La sita alilisoma ukubwani, jioni, kwenye darasa la watu wazima. La saba alilimaliza akiwa na mtoto mgongoni. Kidato cha kwanza mpaka cha nne kilimchukua miaka tisa, somo hili mwaka huu, somo lile mwaka kesho, kama mtu anayejenga nyumba kwa tofali la kila mwezi.

Jinsi alivyovuka kutoka kwenye fagio hadi kwenye sindano ni kisa ambacho shule nzima inakijua, na yeye hachoki kukisimulia.

Ilikuwa wiki yake ya pili kazini. Alifika alfajiri, akafungua maabara ya kemia, akakuta beseni la maji limejaa mirija ya kioo. Kila mrija umezibwa na utelezi mweupe, mzito.

"Nikasema, hawa watoto hawana adabu. Wamekula nini na hivi vioo?" anasimulia, macho yakicheka. "Nikachemsha birika. Nikamwagia maji ya moto, nikasugua kwa brashi nyembamba. Ule utelezi ulitoka wote, kama kamasi. Nikaikausha mmoja mmoja, nikaipanga juu ya taulo, inang'aa. Nikakaa kusubiri sifa."

Sifa haikuja. Alikuja mwalimu wa kemia wa wakati huo, ambaye sasa amestaafu. Alikuwa ameyatengeneza madaraja yale usiku uliotangulia, mwenyewe, mpaka mgongo ukamkakamaa. Saa tatu wanafunzi arobaini walikuwa waje kufanya jaribio la mwisho wa mwaka.

"Alisimama palepale mlangoni. Akaniuliza swali moja tu: 'Umeosha mingapi?' Nami nikajibu kwa furaha, 'Yote, mwalimu!'"

Anapofika hapo lazima asimame, maana wasikilizaji wanakuwa wameshavunjika mbavu.

Mwalimu hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama mirija tena, kama aliyetumaini kwamba miwani ndiyo mbovu. Kisha akamuuliza kama anajua kukoroga kitu motoni kisishike chini. Alijua. Akavuliwa aproni ya kufagia, akavalishwa koti la maabara lililomfika magotini, wakaanza kupika wawili.

Hadi kengele ya saa tatu walikuwa wamepata madaraja thelathini na moja. Wanafunzi tisa walipewa vipande vya karatasi ya chujio vilivyolowekwa maji ya chumvi. Navyo hufanya kazi, ila hukauka upesi.

Mmoja wa wale tisa ndiye mwalimu wa kemia wa shule hii leo.

"Karatasi yangu ilikauka katikati ya jaribio," anasema mwalimu huyo, mwanamume mrefu wa miaka thelathini na tisa. "Mshale wa mita ukalala. Nikapata alama sita kwa ishirini. Kila nikitaka ruhusa ya kuchelewa kurudisha vifaa, namkumbusha hizo alama kumi na nne ninazomdai."

"Ungesoma ungepata," Mama Mirija anamjibu akiwa bado kwenye meza yake. "Wenzako wanane wenye karatasi walifaulu."

Baada ya siku ile mwalimu mzee hakumrudisha kwenye ndoo. Alisema mtu aliyeosha madaraja arobaini bila kuvunja hata mrija mmoja ana mikono ya kazi hii. Kwa hesabu ya Mama Mirija, ameshatengeneza zaidi ya elfu kumi na moja tangu hapo. Hakuna aliyewahi kuona kipovu ndani ya mrija uliotoka mikononi mwake.

Lakini kutengeneza ni jambo moja, na kueleza ni jambo jingine. Hapo ndipo alipoangukia.

Mara ya kwanza alipata alama arobaini na moja kwa mia. Alimwaga asidi, akasahau hata umri wake. Mara ya pili alipata arobaini na saba, na alama ya kufaulu ni hamsini. Swali lililomwangusha lilikuwa la alama kumi, akapata sifuri. Swali lenyewe: Eleza kazi ya daraja la chumvi.

"Nilipoliona nilicheka moyoni," anasema. "Nikasema leo wamenipa zawadi. Nikaandika: kazi yake ni kupitisha umeme kutoka glasi moja kwenda glasi ya pili. Nikapiga mstari chini."

Majibu yalipotoka, mwalimu wa kemia alimkuta ameinamia sinki, maji yanamwagika bure. Akamuuliza alijibu nini. Akamwambia.

"Akafunga maji. Akaniambia, 'Mama, umenitengenezea madaraja tangu nikiwa mtoto, kumbe hujui yanapitisha nini?'"

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kumfokea mwalimu shuleni.

"Nikamwambia, na wewe umenifundisha lini? Miaka yote hii mnasema lete, nakuletea. Ondoa, naondoa. Mkianza kueleza nakuwa stoo natafuta zinki. Mkimaliza naingia kuosha. Nani aliwahi kuniambia kaa usikilize?"

Mwalimu alifunga mlango, akavuta vigoda viwili.

Alichomwonyesha siku hiyo si kigumu kukifuata. Glasi mbili. Moja ina maji yaliyoyeyushiwa salfeti ya zinki na kibamba cha zinki ndani yake. Nyingine ina maji ya buluu ya salfeti ya shaba na kibamba cha shaba. Waya unapita juu kutoka zinki kwenda shaba, katikati kuna mita. Weka daraja la chumvi, mguu mmoja glasi hii, mguu mmoja glasi ile: mita inasoma volti moja na kidogo. Toa daraja: mshale unalala. Rudisha: unaamka.

"Hayo nayajua," alimwambia. "Nimeyaona mara elfu."

Mwalimu akatoa daraja, akakunja waya mtupu wa shaba mfano wa U, akauweka mahali pake. Mshale ukapanda kidogo, ukalegea, ukayumba, haukutulia.

"Kama kazi ya daraja ingekuwa kupitisha elektroni, yaani umeme uleule wa kwenye waya," akamuuliza, "waya ungeshindwaje na jeli?"

Mama Mirija alikaa akiutazama waya ule mpaka kengele ya kutoka ikalia. Anasema alijisikia kama mtu aliyeishi na mume miaka ishirini, halafu akaambiwa kwamba mume huyo ana kazi nyingine mjini.

Mume wake halisi ni mshona viatu. Kibanda chake kiko kwenye kibaraza cha nyumba yao, vyumba viwili na jiko. Ni mtu wa maneno mengi, na ndiye aliyekuwa mtahini wake kwa miezi mitano, kila Jumapili baada ya chakula. Huvaa miwani iliyofungwa uzi, hushika daftari la mkewe kwa mkono mmoja na kiatu cha mtu kwa mkono mwingine.

"Huyu mama ana madaraja elfu kumi na moja," anasema, "na hajawahi kuvusha hata mbuzi."

"Uliza swali, acha porojo," mkewe anamwambia.

"Swali la kwanza. Chumvi imetiwa ya nini, si mngeweka jeli tupu mkala?"

Ni kwa kubishana hivyo, wanasema wote wawili, ndipo maelezo yalipopatikana. Yeye alikuwa anajaribu kukariri maneno ya kitabu, yanamtoka, yanaruka. Mume akaweka kiatu chini. Akamwambia asimsomee kitabu, amweleze kama anavyomweleza jirani.

Akajaribu. Nyumba ya kulia kuna harusi, wageni wanaingia, hawaachi kuingia. Nyumba ya kushoto kuna msiba, watu wake wanaondoka mmoja mmoja. Huku kumejaa, kule kumepwaya. Nyumba yetu iko katikati. Tufanyeje?

"Tugawane," akasema mume. "Wewe huku, mimi kule."

"Nani aende wapi?"

"Mimi harusini, bila shaka. Wewe unajua kulia."

Mama Mirija alipiga paja. Ndivyo hasa! Zinki inapoyeyuka, chembe zenye chaji chanya zinaingia kwenye maji ya glasi yake, zinazidi. Upande wa pili chembe chanya za shaba zinatoka majini zinajishika kwenye kibamba, zinapungua. Chembe hizo zenye chaji ndizo ioni. Chumvi iliyo darajani nayo ina ioni za aina mbili, hasi na chanya, na zinagawana: hasi zinakwenda kwenye glasi ya zinki kuwatuliza wale waliozidi, chanya zinakwenda kwenye glasi ya shaba kuziba pengo. Pande zote zinabaki sawa, na kazi inaendelea.

"Basi wewe ndiye hasi," akamwambia mumewe, "kwa sababu unakwenda kwenye harusi."

"Mimi hasi?"

"Kuna kitu nimewahi kusema usikipinge?"

"Hapana, sikubali hata kidogo," akajibu mume, na wote wawili wakashindwa kumaliza zoezi.

Saa tatu kamili, Mama Mirija yuko katika maabara ya chuo cha ufundi, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu kutoka shuleni kwake. Watahiniwa ni sita. Watano wangeweza kuwa watoto wake. Mmoja, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, anamwachia kiti akidhani ni mmoja wa wasimamizi.

"Kaa, mwanangu," anamwambia. "Mimi nami nimekuja kutahiniwa."

Mtahini ni mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, miwani ya fremu nyembamba, uso usiotoa siri. Anaeleza kazi. Kila mmoja ana seli moja, yaani zile glasi mbili za zinki na shaba, imeshaunganishwa mezani, na kila seli ina kasoro moja iliyofichwa. Watafute kasoro, wairekebishe, mita isome inavyopaswa. Muda ni dakika arobaini. Baada ya hapo kila mmoja atahojiwa kwa mdomo, palepale kwenye meza yake.

Mita ya Mama Mirija inasoma sifuri.

Vijana wanaingia kazini kwa kishindo. Huyu anabadilisha waya, yule anasugua zinki kwa msasa, mwingine anatikisa mita kama redio. Mama Mirija hagusi kitu kwa dakika nzima. Anatazama waya, anatazama vibanio, anatazama maji yamefika wapi. Kisha ananyanyua daraja, anaufuta mguu mmoja, anaufuta wa pili, anageukia dirishani.

Kwenye kona ya U, ndani kabisa ya jeli, kuna kipovu. Hakizidi punje ya mchele, lakini kimeziba upana wote wa mrija.

"Nilipokiona nilitaka kukisalimu," anasema baadaye. "Ni adui yangu wa miaka ishirini na miwili."

Anainua mkono, anaomba jiko na agari. Anapima, ingawa ana haraka. Anakoroga, ingawa kijana wa kalamu tatu ameshaanza kumwangalia. Anauyeyusha utumbo wa mrija kwenye maji yanayochemka, anausafisha mrija mpaka unang'aa. Anaujaza upya, anaugonga kwa ukucha, anauinua kwenye mwanga, anauweka kwenye maji baridi ugande upesi. Dakika ya thelathini na mbili anaurudisha mahali pake.

Mshale unapanda. Volti moja nukta sifuri nane.

Hapo ndipo mtahini anavuta kigoda na kukaa mbele yake. Mpaka wakati huu mikono ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, na mikono haijawahi kumwangusha. Sasa ni zamu ya ulimi.

"Umejuaje ni daraja, mama?"

"Waya umeshika, maji yamefika, vibamba ni safi. Kimebaki kitu kimoja. Nimekitazama kwenye mwanga."

"Kipovu kidogo kama kile kinaweza kusimamisha seli nzima?"

"Kinaweza. Kimekata njia."

Mtahini anaandika. Halafu anauliza bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayepitisha tu neno:

"Kwa hiyo elektroni zimekwama kwenye kipovu."

Ni swali lililovaa nguo ya jibu. Mwaka juzi Mama Mirija angeitikia ndiyo, kwa furaha, kama alivyoitikia kuhusu mirija yote.

Leo anautazama mshale kwanza. Anaeleza baadaye kwamba aliuona ule waya wa shaba uliokunjwa, ukiyumbisha mshale.

"Hapana," anasema. "Elektroni hazijafika pale. Hazipiti pale hata siku moja. Njia yao ni huku juu, kwenye waya, kutoka zinki kwenda shaba."

"Sasa kipovu kimezuia nini?"

"Ioni za chumvi. Hasi zilikuwa ziende kwenye glasi ya zinki, chanya ziende kwenye glasi ya shaba. Kipovu kimezikatia njia."

"Na zikikatiwa?"

"Huku kwenye zinki chaji chanya zinazidi, hakuna wa kuzituliza. Kule kwenye shaba chanya zinapungua, zimebaki salfeti zenye chaji hasi peke yao. Glasi zote mbili zinagoma. Zikigoma, na elektroni juu kwenye waya zinasimama, ingawa waya wenyewe hauna kosa."

Mtahini anainua macho. Anauliza kama kuna namna anayoweza kumweleza mwanafunzi ambaye hajaelewa. Mama Mirija anamweleza habari za harusi na msiba, na nani anakwenda wapi, na kwa nini mshona viatu fulani ni hasi.

Uso usiotoa siri unatoa kidogo. Mtahini anakohoa, anafunika mdomo kwa karatasi.

"Na kwa nini mtu asitumie chumvi yoyote tu?"

"Nyingine ni wagomvi. Ukiweka kloridi kwenye seli yenye madini ya fedha, zinakutana na fedha zinatengeneza ungaunga mweupe, mguu wa daraja unaziba. Nitrati ni mpole, hagombani na mtu. Ndiyo maana mimi natumia nitrati."

"Asante, mama. Subiri nje."

Nje kuna benchi. Mshona viatu ameshafika, amefunga kibanda kwa mara ya kwanza siku ya kazi tangu mtoto wao wa mwisho alipozaliwa. Kwapani ana viatu vya mteja, kwa sababu aliahidi vingekuwa tayari saa saba, na sindano ameichomeka kwenye kola.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ulinitaja?"

"Nilikutaja."

"Kwa wema?"

"Kwa hasi."

Karatasi za matokeo ya vitendo na mahojiano zinatolewa saa sita na nusu, zimekunjwa mara mbili. Kijana wa kalamu tatu anafungua yake, anapiga ngumi hewani. Mwingine anaikunja upya na kuondoka bila kuaga. Mama Mirija anaishika yake muda mrefu. Mume ananyoosha mkono, anapigwa kikofi.

"Nasoma mwenyewe. Darasa la tano nililimaliza."

Anaifungua. Alama sabini na nane. Chini yake, kwa mwandiko mdogo, mtahini ameongeza mstari mmoja: Maelezo ya daraja la chumvi, kumi kwa kumi.

Anamwonyesha mume kwa kidole, palepale kwenye kumi. Mume anavaa miwani ya uzi, anasoma, anavua, anasoma tena bila miwani. Kisha anageuza uso upande wa ukuta na kujifanya anatafuta sindano.

Saa nane kasoro robo Mama Mirija amerudi maabara ya shuleni, koti lilelile, kwa sababu darasa la mchana halijui habari za vyeti. Mwalimu wa kemia anamsubiri mlangoni, ameshapata habari kwa simu. Anampa mkono, halafu anashindwa, anamkumbatia mbele ya wanafunzi, nao wanapiga meza.

"Alama kumi na nne zangu je?" anamuuliza sikioni.

"Nimekulipa kumi leo. Zimebaki nne."

Kuanzia muhula ujao jina lake litaandikwa kwenye daftari la stoo kama mwenye ufunguo. Ameshamwambia mkuu wa shule atakachofanya kwanza. Anataka nusu saa kila mwanzo wa muhula na wafagiaji wote, ndani ya maabara, wamekaa kwenye vigoda. Waelezwe hiki ni nini, kinafanya nini, na kwa nini hakiguswi. Shule mbili za jirani zimeomba wafagiaji wao waje pia.

"Mimi nilipewa ufunguo wa mlango, sikupewa habari za kilichomo," anasema. "Yule mwalimu mzee hakunifukuza, lakini si kila mtu atampata mwalimu kama yule. Bora mtu aambiwe mapema."

Nusu saa ya kwanza haingoji muhula. Jaribio linakwisha saa tisa na nusu, wanafunzi wanatoka na kelele zao. Mezani kuna mirija arobaini, bado na jeli yake. Mfagiaji amefika na ndoo, amesimama kizingitini, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani.

"Niioshe hii, dada?"

Mama Mirija anachukua mrija mmoja, anaupangusa, anavuta kigoda kwa mguu.

"Weka ndoo chini, kaka. Ingia ukae. Ushike hivi, uuelekeze dirishani. Sasa niambie unaona nini humo ndani."